Wimbo wa kucheza, maneno ya kuchoma: maswali kuhusu muziki wa upinzani wa Uturuki

Nilisoma Izmir miaka minne, na tangu nirudi nyumbani watu hawaishi kunitumia linki za nyimbo. Chanzo mara nyingi ni zile tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili. Mtu anaangalia jioni na mama yake, anasikia wimbo, anautafuta, unamkaa, anaupiga mpaka majirani wanaukariri. Halafu ananiuliza: hivi wanasema nini? Nikimweleza ananyamaza kidogo. Maswali yanajirudia, kwa hiyo nimeyaweka pamoja kwa mpangilio wa jinsi yalivyonijia.

Wimbo umechangamka namna hii, kweli unailalamikia serikali?

Anayeuliza hivi kwa kawaida ameshasikia "Geççek" ya Tarkan. Tarkan ni yule wa "Şımarık" ya mwaka 1997, wimbo wenye mabusu kwenye kiitikio, unaojulikana hata na wasiomjua mwimbaji wake.

"Geççek" ulitoka tarehe 17 Februari 2022. Maana yake ni "itapita", na neno limeandikwa jinsi watu wanavyolitamka mtaani. La kamusi ni *geçecek*. Ukiusikiliza bila kujua lugha utadhani ni wimbo wa ufukweni. Maneno yanasema hili nalo litapita, matumaini yatachanua, siku ya kucheza kwa furaha haiko mbali. Basi. Hakuna jina la mtu, hakuna chama, hakuna hata neno "serikali".

Lakini angalia mwezi wenyewe. Mfumuko rasmi wa bei kwa mwaka ulikuwa umepita asilimia 54, lira ilikuwa imeporomoka vibaya mwaka uliotangulia, bili za umeme zilikuwa zimepaa tangu Januari, na Istanbul watu walikuwa wakipanga foleni kununua mkate wa bei nafuu wa manispaa. Mtu akiimba "itapita" katika hali hiyo, hakuna haja ya kumuuliza nini. Watu wa upinzani waliusambaza mara moja. Upande wa serikali ukabaki na kazi ngumu, kwa sababu ukikasirikia wimbo unaosema "itapita", umeshakiri kwamba wa kupita ni wewe.

Hapo ndipo ilipo siri ya muziki huu, na nitairudia mpaka mnichoke. Watu hudhani fumbo limewekwa ili maneno yasieleweke. Yanaeleweka sana. Fumbo limewekwa ili anayetaka kuushtaki wimbo alazimike kulifumbua mwenyewe, hadharani, kwa mdomo wake.

Septemba 9 mwaka huohuo Tarkan aliuimba Izmir, kwenye maadhimisho ya miaka 100 ya mji kukombolewa, mbele ya umati uliofurika ufukwe wa katikati ya mji. Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Rafiki yangu alinipigia simu, hakusema kitu, akainua tu simu juu nisikie.

Kwa nini wasiseme wazi?

Wapo wanaosema wazi, nao nitawafikia. Lakini kifungu cha 299 cha sheria ya adhabu ya Uturuki kinaadhibu kumtukana rais kwa kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, na hilo humfanya mtunzi achague maneno kama anayechagua samaki sokoni.

Zamani mlango ulikuwa mwembamba zaidi. TRT, shirika la utangazaji la taifa lililoanzishwa mwaka 1964, lilihodhi redio na televisheni mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wimbo ulipita kwanza kwenye kamati ya ukaguzi, iliyopima maneno na muziki pia. Usipopita, hausikiki hewani; utaishia kwenye santuri na, baadaye, kanda. Wanakamati hao walikuwa wasomi wenye masikio makali. Neno waliweza kulikata. Kilichowashinda kukata ni kukonyeza.

Sisi tunasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Uturuki fumbo lilifumbiwa mwerevu, naye akaligangua vizuri kabisa, ila hakuwa na pa kulishikia.

Haya yalianza na magitaa ya umeme?

Hapana, yalianza vijijini, kwa washairi wanaozunguka na bağlama, chombo cha nyuzi chenye shingo ndefu ambacho wengi hukiita saz. Mshairi wa namna hiyo huitwa *âşık*, na neno hilo halihitaji kufasiriwa kwa Mswahili: ni ashiki lilelile, mtu aliyeshikwa na mapenzi. Miongoni mwa tungo zao iko aina inayoitwa *taşlama*. *Taş* ni jiwe, na *taşlama* ni kurusha mawe. Unamtupia kadhi mla rushwa, tajiri bahili, mcha Mungu wa maonyesho, na unamtupia kwa vina na mizani ili hata yeye mwenyewe aikariri bila kutaka.

Anayetajwa kuliko wote ni Pir Sultan Abdal wa Sivas, mshairi wa karne ya 16 wa Waalevi, jumuiya ya kidini ya wachache nchini humo, ambaye masimulizi yanasema alinyongwa kwa kuipinga dola ya Osmani. Kwa Waalevi bağlama imo ndani ya ibada yenyewe, kwa hiyo ukiwaambia waache kupiga umewaambia waache kusali. Hili si jambo jepesi. Tarehe 2 Julai 1993, wakati wa tamasha la kumkumbuka mshairi huyo, kundi la watu lilichoma moto hoteli ya Madımak mjini Sivas. Walikufa wageni 33 na wafanyakazi wawili wa hoteli, na kati yao walikuwamo wanamuziki Muhlis Akarsu na Hasret Gültekin. Nalitaja hapa mapema ili mtu asidhani wanaocheka katika nyimbo hizi wanacheka kwa kuwa hawajawahi kuumizwa.

Ucheshi wao nao una babu yake, Nasreddin Hoca, ambaye visa vyake vingi sisi tumevisikia vikisimuliwa kama vya Abunuwasi. Ni yule mtu anayejifanya mjinga mbele ya mkubwa, na mkubwa ndiye anayeondoka akijiona mjinga.

Kwa nini kila mtu anataja miaka ya 1970?

Kwa sababu ndipo kijiji kilipohamia mjini na kukuta umeme. Mwaka 1965 gazeti la Hürriyet lilianzisha mashindano ya Altın Mikrofon, "Maikrofoni ya Dhahabu", likiwataka vijana wapige nyimbo za kwao kwa vyombo vya Kimagharibi. Cem Karaca alishika nafasi ya pili mwaka 1967. Kundi la Moghollar… hapana, wanaandika Moğollar na kutamka kama Mo-ollar, lilizaliwa wakati huohuo. Kilichotokea kikaitwa Anadolu rock: ngoma na besi ya kisasa, sauti ya bağlama, maneno ya âşık. (Tukiwa kwenye matamshi: ç ni ch yetu, ş ni sh, na c ni j. Kwa hiyo ni "Jem Karaja". Nimewasikia watangazaji wetu wakisema "Kem".)

Sikiliza "Tamirci Çırağı" ya Karaca, ya mwaka 1975. Kijana anajifunza ufundi gereji. Msichana wa kitajiri analeta gari, moyo wa kijana unawaka. Alishasoma riwaya ambamo msichana anampenda kijana wa gereji kama yeye, kwa hiyo kesho yake anavua ovaroli, anajitengeneza, anasubiri. Msichana anakuja kuchukua gari, anainua nyusi na kuuliza: huyu mhuni ni nani? Fundi mkuu anampiga kijana mgongoni na kumwambia asahau riwaya: *işçisin sen, işçi kal*, wewe ni kibarua, baki kibarua, vaa ovaroli lako. Hakuna hotuba kuhusu matabaka. Kuna ovaroli tu, linalovuliwa na kuvaliwa tena. Nimewaona watu wazima Izmir wakiliimba hilo kwa sauti ya juu, glasi mkononi, wakicheka, na macho yao hayakuwa yakicheka.

Selda Bağcan ndiye wangu. Aliimba tungo za Mahzuni Şerif (1940–2002), âşık wa kweli wa Kialevi, akazitia gitaa la umeme lenye makali. "Yuh Yuh" ni mdundo ambao bega lako litauitikia kabla akili haijafika. *Yuh* ni sauti ya kuzomea. Kwa hiyo kiitikio kizima ni mzomeo: zii kwa wanaotuibia, zii kwa wanaoiba wakakimbia na kushiba. Nadhani hakuna aina ya upinzani iliyo ya kidemokrasia kuliko kuzomea; haihitaji shule. Wimbo wake mwingine, "İnce İnce Bir Kar Yağar", unasema theluji laini inawaangukia maskini, na ulisafiri mbali: rapa Mos Def wa Marekani aliukata na kuutumia kwenye "Supermagic" mwaka 2009.

Mbona nyimbo nyingi zinazungumzia chakula?

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na aliyeuliza ni mama lishe.

Waturuki husema "kula" kwa maana ileile tunayoijua sisi. *Rüşvet yemek* ni kula rushwa. Ulaji ni ulaji kotekote. Mwaka 1912 mshairi Tevfik Fikret aliandika shairi kuhusu karamu ya uporaji, akiwahimiza wakubwa kwa kejeli: *yiyin efendiler yiyin*, kuleni mabwana, kuleni mpaka mshibe, mpaliwe, mpasuke. Miaka karibu themanini baadaye Cem Karaca akaiita albamu yake ya mwaka 1990 "Yiyin Efendiler", na hakuna aliyeuliza kwa nini shairi la enzi za masultani linarudi. Na hilo *efendi* tunalo hata sisi. Ndilo lililozaa "afande", neno lililotufikia pamoja na askari wa Kisudani waliotumikia majeshi ya kikoloni. Kwa hiyo ukipenda unaweza kuifasiri "kuleni, maafande, kuleni", ingawa sitakushauri uiimbe barabarani.

Barış Manço (1943–1999) aliandaa meza ya namna nyingine. "Halil İbrahim Sofrası", ya mwaka 1983, miaka mitatu baada ya mapinduzi ya kijeshi, ni wimbo wa kukaribisha: karibuni, marafiki, mezani kwa Ibrahim Khalil. Nabii Ibrahim anajulikana kwa ukarimu, hakuna mtu atakayekataa mwaliko. Ila katikati ya meza kuna sufuria moja, na hakuna ajuaye kama imejaa au ni tupu. Kisha wimbo unapanga watu: wenye paji la uso safi na macho yaliyoshiba wakae mahali pa heshima, na wale wanaojifanya watumwa wa binadamu wenzao wakapange mawe maisha yao yote. Uliimbwa na watoto. Mimi bado huiona ile sufuria kila nikisikia bajeti ikisomwa.

Iweke akilini, tutarudi kwake.

Kwa hiyo na "Domates Biber Patlıcan" ni fumbo?

Hapana. Nyanya, pilipili, biringanya: kijana anataka kumtamkia msichana mapenzi, na wakati huohuo mchuuzi anapita mtaani akinadi mboga, maneno yanampotea. Ndiyo hivyo. Kuna watu wakishajifunza kutafuta mafumbo hawawezi tena kununua biringanya kwa amani.

Nini kiliwapata baada ya mapinduzi ya 1980?

Jeshi lilichukua nchi tarehe 12 Septemba 1980 chini ya Jenerali Kenan Evren. Watu wapatao 650,000 walitiwa kizuizini. Karaca alikuwa Ujerumani Magharibi tangu mwaka uliotangulia. Aliitwa arudi, hakurudi, na mwaka 1983 akavuliwa uraia. Selda alifungwa mara tatu kati ya 1981 na 1984, na pasi yake ya kusafiria haikurudishwa mpaka 1987.

Kule Ujerumani Karaca hakunyamaza. Waturuki walikuwa wakienda huko kama vibarua tangu mkataba wa mwaka 1961, na mwaka 1984 alitoa albamu ya Kijerumani aliyoiita "Die Kanaken", tusi lenyewe ambalo wenyeji waliwaita wahamiaji. Kuchukua tusi ukalifanya jina la albamu: mtindo ni uleule wa Abunuwasi, umevaa koti la baridi.

Alirudi nyumbani mwaka 1987. Albamu yake ya 1992 inaitwa "Nerde Kalmıştık?", yaani "Tuliishia wapi?" Mtu amekaa uhamishoni miaka minane, amevuliwa utaifa, anarudi na kuuliza kama mwalimu aliyetoka nje kidogo kupokea simu. Humo ndimo iliko "Raptiye Rap Rap", wimbo ambao watoto huuruka kama kamba. *Raptiye* ni pini ya kubania karatasi. *Rap rap*, kwa Kituruki, ni mlio wa buti za askari wakiandamana. Na *zaptiye*, jina la polisi wa zamani, limekaa jirani kabisa kimatamshi. Nani atapeleka mahakamani pini ya karatasi?

Ile video ya watu wanapiga sufuria ni ya nini?

Ndiyo, tumerudi kwenye sufuria.

Tarehe 28 Mei 2013 watu wachache walikaa katika bustani ya Gezi, karibu na uwanja wa Taksim, Istanbul, kuzuia miti isikatwe ili kujengwa upya kambi ya kijeshi ya enzi za Osmani, pamoja na maduka. Polisi waliwafukuza kwa gesi, na ndani ya siku chache maandamano yalienea nchi nzima. Wasioweza kutoka walisimama kwenye roshani zao usiku wakagonga sufuria na vikaango. Erdoğan, wakati huo waziri mkuu, aliwadhihaki kwa maneno yenye vina: *tencere tava, hep aynı hava*. Sufuria, kikaango, wimbo ni uleule.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana utamu uko kwenye neno *hava*. Kwa Kituruki ni hewa, na neno letu lina asili hiyohiyo ya Kiarabu. Lakini *hava* pia ni mahadhi, tyuni ya wimbo. Kundi la Kardeş Türküler, lililotokana na chama cha ngoma za asili cha Chuo Kikuu cha Boğaziçi na linaloimba kwa Kituruki, Kikurdi, Kiarmenia na lugha nyingine za nchi hiyo, liliichukua dhihaka hiyo bila kuipinga. Wakasema sawa, ni mahadhi, basi tuyapige. "Tencere Tava Havası" umechezwa kwa vyombo vya jikoni, na una mwendo wa harusini. Maneno yake yanalalamika kwa namna ya mtu aliyechoka kelele za jirani: tumechoka, wallahi tumechoka. *Bıktık valla.* Hiyo *valla* nayo hamhitaji nifasiri.

Waturuki humnasibishia Süleyman Demirel, mwanasiasa aliyeunda serikali saba, usemi kwamba hakuna utawala ambao sufuria tupu haiwezi kuuangusha. Manço aliuliza sufuria imejaa au ni tupu. Mwaka 2013 watu waliigonga, na chombo kitupu mnakijua kinavyolia.

Gezi ilikuwa na nyimbo nyingine za kuchekesha. Erdoğan aliwaita waandamanaji *çapulcu*, waporaji. Kwaya ya jazi ya Boğaziçi ikachukua wimbo wa jadi kuhusu gauni la rangi, ikabadilisha maneno, na kuimba kwa heshima zote za kwaya: *çapulcu musun, vay vay*, je, wewe ni mporaji, ewe? Na mashabiki wa mpira, hasa kundi la Çarşı la klabu ya Beşiktaş, walikuwa na wimbo wao uwanjani: nyunyizia, haya nyunyizia, nyunyizia gesi ya pilipili, vua kofia ya chuma, weka chini kirungu, tuone nani dume. Wimbo mwepesi kama wa kitoto, unaoimbwa na watu elfu huku wakitokwa machozi, na machozi yenyewe ni ya gesi. Baadaye wanachama 35 wa Çarşı walishtakiwa kwa kujaribu kuipindua serikali. Mashabiki wa mpira! Hata hivyo ukifikiri vizuri, mwendesha mashtaka huyo alikuwa amewapa sifa kubwa kuliko ligi yoyote.

Sezen Aksu naye ni mwimbaji wa upinzani?

Ni malkia wa pop, na ndiye aliyemtungia Tarkan nyimbo kadhaa. "Şahane Bir Şey Yaşamak" ya mwaka 2017 ni wimbo mchangamfu unaosema kuishi ni jambo la ajabu kwa uzuri, na ndani yake kuna mstari unaowatania Adamu na Hawa kwa kuwaita wasiojua. Miaka mitano ulipigwa bila neno. Januari 2022 mstari huo ukafufuliwa. Wengi waliumia kwa imani yao, na sidhani walikuwa wakiigiza. Erdoğan akasema msikitini kwamba ndimi za namna hiyo ni wajibu kuzikata, ingawa baadaye alisema hakumlenga Aksu. Aksu alijibu kwa maneno ya wimbo mpya, "Avcı", yaani mwindaji: mimi windo, wewe mwindaji, haya piga. Akaongeza kwamba ameandika miaka 47 na ataendelea kuandika. Wimbo wake wa furaha haukuwa wa upinzani mpaka ulipopingwa.

Na Wakurdi?

Kwao hata lugha yenyewe ilikuwa fumbo lililokatazwa. Sheria namba 2932 ya mwaka 1983 ilizuia kutangaza na kuchapisha kwa Kikurdi mpaka ilipofutwa mwaka 1991. Mwaka 1999 mwimbaji Ahmet Kaya alisema kwenye hafla ya tuzo kwamba atatoa wimbo kwa Kikurdi. Waalikwa walimrushia uma na vyombo vya mezani. Alikimbilia Paris, akafa huko Novemba 2000, akiwa na umri wa miaka 43. Mwaka 2005 mahakama ya Diyarbakır ilipiga marufuku kwa muda albamu ya Aynur Doğan, "Keçe Kurdan".

Kuhusu uchangamfu, dansi inayowahusu hapa ni *halay*. Watu hushikana mikono au bega kwa bega, wa kwanza anapeperusha kitambaa, mstari unazunguka. Huchezwa kwenye harusi zote, za Waturuki na za Wakurdi. Majira ya joto ya 2024 watu walikamatwa sehemu kadhaa kwa sababu ya nyimbo za Kikurdi walizochezea halay harusini. Mnaouliza kama mdundo wa furaha unaweza kuwa wa kisiasa, jibu mngelipata kwenye kituo cha polisi kilicho karibu na ukumbi.

Sijui Kituruki. Nitashika nini kwa masikio?

Mengi kuliko unavyodhani, maana sisi na wao tulikopa duka moja, la Kiarabu. Tega sikio kwa *dünya* (dunia), *hak* (haki), *adalet* (uadilifu), *zalim* (dhalimu), *zulüm* (dhuluma), *fakir* na *fukara*, *sabır* (subira), *haber* (habari), *hürriyet* (uhuru). Katika "İnce İnce" utawasikia fakir na fukara wote wawili. Ukiona maneno hayo matatu au manne yamekusanyika kwenye mdundo wa kuruka, punguza sauti uulize tafsiri.

Na angalia anayechekwa ni nani. Wimbo wa kuburudisha tu hucheka mlevi, mchumba, mama mkwe. Hizi huwa na mtu aliyekaa juu kidogo.

Hao wasiofumba, je?

Septemba 2019 rapa Şanışer na wenzake zaidi ya kumi walitoa "Susamam", "Siwezi kunyamaza". Dakika kama 15, mada baada ya mada: mazingira, haki, elimu, wanawake wanaouawa. Hakuna fumbo hata moja. Vyombo vinavyoiunga mkono serikali viliwashambulia vikali. Na kuna Grup Yorum, kundi la mrengo wa kushoto lililoanzishwa mwaka 1985, ambalo halay zake zinaweza kumuinua mgonjwa. Matamasha yao yalizuiwa, wanachama wao wakafungwa. Mwaka 2020 Helin Bölek na İbrahim Gökçek walifariki baada ya mgomo mrefu wa kula, wakidai kuruhusiwa kuimba. Kuna mengi ya kubishania kuhusu siasa za kundi hilo, na Waturuki wenyewe hubishana. Lakini ninapowasikia watu wakisema fumbo ni woga, huwa nawakumbuka hao wawili, na huwa siwezi kumlaumu mtu aliyechagua pini ya karatasi.

Nyimbo hizi zimebadilisha chochote?

Ukiuliza kura: Erdoğan alishinda duru ya pili ya uchaguzi wa rais tarehe 28 Mei 2023, miaka kumi kamili, siku kwa siku, tangu Gezi ianze. "Itapita" haikupita. Bustani ya Gezi, hata hivyo, bado ina miti.

Tuna harusi mwezi ujao na DJ anataka kupiga "Yuh Yuh". Ni sawa?

Mdundo utafaa sana, hasa wakati wa kuingia kwa chakula. Ila kumbukeni ukumbi mzima utakuwa unamzomea mwizi aliyeiba akakimbia na kushiba. Waangalieni kwanza waliokaa meza ya mbele. Kama kuna mheshimiwa, pigeni tu, hajui Kituruki. Akija kuuliza kwa nini mnamzomea, mwambieni hakuna aliyemtaja.